Kula Nje Dar es Salaam Bila Makuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Duka letu la vipuri liko Gerezani, nyumbani ni Kimara. Kwa umbali huo, siku sita kwa wiki chakula cha mchana nakula nje, na cha asubuhi mara nyingi pia. Wateja wetu wengi ni wageni: kuna wa Songea na Sumbawanga, kuna wa Lubumbashi na Ndola wanaokuja kufunga mzigo Kariakoo, halafu kuna shemeji zangu wa Mwanza ambao kila likizo wanashuka stendi ya Mbezi na njaa ya safari nzima. Wote wanauliza yaleyale. Nimeyaandika ili mwingine akiuliza nimtumie tu. Nazungumzia kula kwa kawaida, kwa hela ya kawaida. Hoteli zenye kitambaa cheupe mezani zina watu wake wa kuzielezea.

Niko Dar siku mbili tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye saa. Jina la mtaa litafuata. Wengi wanaolalamika kwamba chakula cha Dar kibovu walikula kitu kizuri saa isiyo yake. Supu ya saa nne imeshaongezwa maji. Wali wa saa tisa umekaa kwenye hotipoti tangu adhuhuri. Chipsi za saa kumi alasiri mara nyingi ni zile zilizokaangwa nusu tangu mchana, zinasubiri mteja ndipo zirudishwe kwenye mafuta. Kila chakula hapa kina saa yake ya kutoka jikoni. Ukiipatia, hata kibanda usichokijua jina kitakulisha vizuri. Supu na chai ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi. Wali na ugali, saa sita na nusu mpaka saa nane. Mihogo, chipsi na mishkaki, jua likianza kuzama. Pweza na kahawa, baada ya isha.

Hoteli, mgahawa, mama lishe, baa: kuna tofauti gani?

Mtu wa Dar akisema anaenda hotelini kula, haendi kulala. Hoteli ni nyumba ya chakula: meza, viti, bomba la kunawia, na ubao wenye orodha ambayo nusu yake imekwisha. Mgahawa ni kitu hichohicho, ila jina lina heshima zaidi na soda inakuja na glasi. Mama lishe anapika mwenyewe na kupakua mwenyewe, chini ya turubai au kwenye banda la mabati. Wazee wanamwita mama ntilie, kutokana na wateja kumwambia "mama, nitilie". Siku hizi baba lishe nao wapo, na wengine wanapika vizuri kuliko tunavyopenda kukiri.

Baa ina jambo moja la kujua: jiko la nyama lililo pembeni mara nyingi ni la mtu mwingine, siyo la mwenye vinywaji. Ndiyo maana bili zinakuja mbili, na mhudumu wa bia hana habari kuku wako amefikia wapi. Usimkasirikie bure.

Asubuhi watu wanakula nini?

Mwanaume wa Kariakoo aliyelala vibaya anakunywa supu. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku, ya utumbo, au makongoro, yaani miguu ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha mpaka mchuzi unanata midomoni. Unaletewa bakuli, ndimu iliyokatwa, chumvi, pilipili, na chapati mbili kwenye kisahani. Kamulia ndimu kwanza, onja, halafu ndipo utie chumvi. Ukitaka nyama kuliko mfupa, sema mapema, "naomba ya nyama tupu," maana upawa ukishazama sufuriani hakuna mjadala. Sehemu zinazopikwa na Wachaga utakuta pia mtori: ndizi zilizopondwa na nyama ndani, mzito, wa kukushikilia mpaka saa nane. Huo ndio ninaokula mimi siku ya kupokea kontena.

Asiyetaka supu anakunywa chai. Chai ya rangi au ya maziwa, utaulizwa. Vitafunwa vimepangwa kwenye kabati la kioo: maandazi, vitumbua, sambusa, chapati, bagia, mihogo ya kuchemsha. Kitumbua ndicho kipimo changu. Kizuri kina ukingo wa kahawia unaovunjika, katikati laini, na harufu ya iliki inakufikia kabla hujakigusa. Kikiwa kizito mkononi, hicho ni cha jana, kirudishe kabatini kwa adabu na uchukue chapati.

Kwa mama lishe naagizaje? Sitaki kuonekana mgeni.

Utaonekana tu, ila haina shida.

Ninayekula kwake mimi yuko nyuma ya maduka yetu, kwenye uchochoro unaopitika na mkokoteni mmoja kwa wakati. Ana masufuria matano kwenye mstari na hotipoti mbili kubwa. Ukifika, nawa kwanza: kuna ndoo yenye koki na sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Halafu uliza, "Mama, leo kuna nini?" Atakujibu kwa pumzi moja: "Wali nyama wali samaki wali maharage ugali dagaa ugali nyama ndizi zimekwisha." Neno la kwanza ndilo shibe, la pili ndilo kitoweo. Ukisema "wali nyama" utapewa wali, vipande vya nyama na mchuzi, halafu maharage na mchicha au matembele vinafuata pembeni bila kuombwa. Wengi wanaweka na kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Huwezi kuamua? Omba nusu wali, nusu ugali. Hakuna atakayekucheka, tena ndicho ninachokula mimi siku za Jumatatu.

Kuongezewa mchuzi na maharage kwa kawaida ni bure, na ni sifa kwa mpishi. Nyama ikiongezwa inalipiwa.

Kuhusu lugha: sema "naomba". Huku kwetu "nipe" peke yake ni neno la kudai deni. Mteja wetu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mtu mwema kabisa, aliketi akasema kwa sauti, "Leta chakula!" Mama akageuka, akatazama kushoto na kulia kama anayetafuta aliyetumwa, kisha akaendelea kupakua. Jamaa alikula wa mwisho. Siku ya pili alikuja na "Shikamoo mama, naomba wali samaki," akapewa kichwa cha samaki na cha ziada. Mama lishe mwite mama, hata kama unamzidi umri kidogo. Msichana anayegawa sahani ni dada. Kijana wa chipsi ni kaka au mdogo wangu. Kupiga mluzi au kugonga meza, acha.

Jambo la mwisho, benchi ni la wote. Mtu akija kukaa wakati unakula, unamwambia "karibu". Hatakula chako. Atakujibu "asante, endelea," na hapo mmeshafahamiana.

Bei zikoje?

Zinabadilika na bei ya mchele na mafuta, lakini wakati naandika hivi sahani ya wali maharage kwa mama lishe ni kama shilingi 2,000, ya nyama au samaki ni 3,000 mpaka 4,000, na mjini Posta unaongeza juu ya hapo. Zijue lugha za hela: jero ni 500, buku ni 1,000, na msimbazi ni noti ya 10,000, kwa wekundu wake, maana Simba, Wekundu wa Msimbazi, jezi yao ni nyekundu. Ukiambiwa "buku tatu" ni 3,000.

Nimlipeje, na bakshishi je?

Wengi wana lipa namba ya mtandao fulani wa simu, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye boksi. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalokuja kwenye simu kwa sauti, mwenyewe aitikie. Tembea na noti ndogo pia, kwa sababu mtandao ukikata saa saba mchana ndipo utakapojua watu wana njaa kiasi gani. Ukitoa msimbazi kwa chakula cha buku mbili asubuhi mapema utaambiwa "utaikuta kesho", na kesho utaikuta kweli.

Bakshishi si lazima popote. Kwa mama lishe haipo kabisa, anashangaa. Kwenye mgahawa wenye wahudumu, acha chenji, "ya soda". Kwenye mikubwa soma chini ya orodha kama VAT imo kwenye bei.

Nataka samaki. Ni kweli niende Feri?

Ni kweli, na uende asubuhi. Panda mwendokasi wa Kivukoni, shuka kituo cha mwisho, fuata harufu. Soko liko kando ya pale pantoni zinapovukia kwenda Kigamboni. Mnada unakuwa umechangamka mapema: changu, kolekole, nguru, jodari, vibua, ngisi, kamba. Ukinunua samaki mzima kuna vijana wa kupara magamba na kutumbua, unawalipa chao, kisha unampeleka kwa wakaangaji. Hawa wana makarai ambayo mtoto anaweza kuogea, mafuta yanachemka juu ya moto wa kuni, samaki wanaingia kumi kwa mpigo. Au unanunua aliyekwisha kaangwa, na ugali, na pilipili ya ndimu. Mtazame samaki machoni: jicho ling'ae, lisiwe limeingia ndani. Funua shavu, liwe jekundu.

Vaa viatu usivyovipenda. Maji ya pale hayana adabu.

Sasa nieleze kwa nini mimi huwa nauliza bei mara mbili. Miaka fulani niliwapeleka shemeji zangu sehemu moja ya ufukweni, jina nalihifadhi. Mhudumu alikuja na sinia la samaki wabichi, akasema chagueni. Tukachagua kwa macho, kama tunachagua embe. Hakuna aliyetaja kilo, hakuna aliyetaja bei, na mimi mwenyeji niliona haya kuuliza mbele ya wakwe. Bili ilipokuja ilikuwa kubwa kuliko nauli ya mtu mmoja mpaka Mwanza. Nililipa, nikatabasamu, na kwa wiki mbili nilikula wali maharage. Tangu hapo nauliza hivi: "Huyu, akishafika mezani na kila kitu chake, ni shilingi ngapi?" Siyo bei ya kilo, siyo bei ya samaki bila ndizi. Akishafika mezani.

Na nimalizie ugomvi wa kifamilia. Sato na sangara ni wa Ziwa Victoria, wanafika Dar kwenye barafu. Si wabaya. Lakini mtu aliyetoka Mwanza, akasafiri siku nzima, akafika baharini, akaagiza sato, huyo ana lake.

Chipsi mayai ni nini hasa, na yapi mazuri?

Ni chipsi zilizoshikwa na mayai zikawa kitu kimoja, duara, kama mkate. Vijana wanaita zege, na ukitazama inavyochanganywa utaelewa. Simama umtazame kijana anavyofanya. Anamwaga chipsi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, anapasua mayai mawili kwa mkono mmoja ndani ya kikombe, anapiga kwa uma, anamimina kwa kuzunguka ili yafike pembeni kwanza. Anatulia. Anatikisa. Ikianza kuteleza yenyewe anafunika kwa sahani, anageuza kikaango juu chini, kisha anairudisha upande wa pili. Sekunde kumi. Kachumbari juu, tomato, pilipili kwa atakaye.

Mazuri yanatambulika kabla ya kuagiza. Tazama mafuta kwenye karai: yakiwa meusi kama oili ya injini, na hapo mimi nazungumza kitaalamu, ondoka. Tazama foleni: ikiwa na watu watano, chipsi zinakaangwa upya. Agiza mishkaki miwili pembeni, uichomoe mwenyewe kwenye kijiti na kuitupia juu. Ambaye hataki mayai anasema chipsi kavu. Na ukisikia "chipsi dume", hiyo ni mihogo ya kukaanga.

Mihogo ya Coco Beach inastahili safari?

Jumapili jioni na watoto, ndiyo. Upepo wa bahari, muhogo umechanwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili, kachumbari pembeni, dafu la kushushia. Siku ya kazi usijisumbue kuvuka mji. Muhogo wa kona ya mtaani kwako unatoka shamba lilelile.

Nyama choma nani anajua?

Nyama choma inauzwa kwa kilo, nusu na robo, na kosa kubwa la wageni ni kukaa, kuagiza kinywaji, kupiga soga, halafu ndipo wakumbuke nyama. Nenda jikoni kwanza. Chagua kipande kikiwa bado kinaning'inia, kipimwe ukiona, mkubaliane bei, kisha rudi ukae. Mbuzi atachukua dakika arobaini na tano hata kama mchomaji ameapa ishirini. Anakuja amekatwakatwa, na chumvi, pilipili, kachumbari, ndizi choma au ugali.

Sinza, Mwenge na Kijitonyama zimejaa majiko. Lakini wanaopenda nyama kuliko mandhari wanakwenda karibu na inakotoka: Vingunguti, jirani na machinjio, au mnadani Pugu. Hakuna viti vya maana. Nyama haijawahi kuona friji.

Na kitimoto?

Nyama ya nguruwe ipo, inauzwa kwa kilo kwenye baa na majiko yake maalumu, rosti au kavu, na ndizi. Haichanganywi na majiko mengine, kwa hiyo Mwislamu anayekula kwa mama lishe au kwenye mishkaki ya mtaani hana haja ya kupekua sufuria. Akiwa na shaka aulize, hakuna anayechukia. Jina lake halipaazwi sana. Kwenye vibao utasoma tu "rosti", au utasikia mtu ananong'ona "mdudu" huku anacheka.

Mimi sili nyama kabisa. Nitakufa njaa?

Hapana, ila utaulizwa, "Hata samaki?" Jibu kwa upole, utaulizwa tena na kuku. Wali maharage uko kila mahali. Tafuta makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja mpaka yakaelewana, na kisamvu cha nazi. Uliza kama mboga haina dagaa ndani, maana kwa wapishi wengi dagaa hahesabiki kuwa nyama.

Halafu nenda Kisutu. Eneo lile la mahekalu na Mtaa wa Jamhuri na Zanaki lina migahawa ya Wahindi isiyoingiza nyama jikoni hata siku moja: sinia lenye vibakuli vya dengu, mboga, mtindi, achari, na chapati nyembamba zinazoletwa mpaka useme basi. Mimi mla nyama huwa naenda huko mara moja kwa mwezi na sijawahi kukumbuka nyama nikiwa mezani. Chai yao ina tangawizi ya kweli, na kachori zao zile ndogo za mviringo zinaliwa na chatini ya nazi. Majiko ya mkaa ya mitaa hiyohiyo yakiwashwa jioni, wale wa kuku wa kuchoma nao wana zamu yao.

Urojo wa Dar unafikia wa Unguja?

Mzanzibari hatakubali hata umlishe bure. Mimi nasema unafikia kwa ladha, haufikii kwa ukarimu: wa kule bakuli limejaa bagia, viazi, kachori, mishkaki, yai na chipsi za muhogo mpaka uji wenyewe huuoni. Huku vinahesabiwa. Uagize ukiwa na ukali wa kutosha wa embe au ukwaju. Ukiwa mtamtamu, mpishi ameogopa.

Pweza wa usiku ni salama, na zile habari zake ni za kweli?

Meza ndogo, taa, sufuria inayofuka, pweza amelazwa kwenye sinia na mikono yake. Magomeni, Buguruni, Kariakoo, utamkuta muuzaji baada ya magharibi. Anakukatia vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, kisha unapewa supu kwenye kikombe. Awe wa moto, na supu iwe inachemka mbele yako. Kuhusu zile habari za nguvu za kiume: utaona wateja ni wanaume tupu, wamesimama, kimya, hawatazamani usoni. Mimi huwa nasema nakula kwa ajili ya ladha. Muuzaji huwa anasema "sawa kaka" na kuniongezea supu.

Tumbo langu ni la kigeni. Nijihadhari na nini?

Chakula kinachotoka motoni mbele yako si tatizo. Matatizo yako kwenye vitu baridi: kachumbari iliyokatwa asubuhi ikaachwa wazi, barafu usiyojua maji yake, juisi ya kuuziwa kwenye ndoo. Juisi ya miwa iliyokamuliwa ukiona, na tangawizi na ndimu, naikubali. Ya ukwaju na ubuyu naikunywa mahali ninapomjua mtu. Maji, ya chupa, kifuniko kilie unapofungua. Masika ikipamba moto na kukatangazwa kipindupindu, manispaa huwa zinawafungia wauza chakula wa barabarani. Hapo kula hotelini na usiwalaumu maofisa.

Na mhudumu akikuuliza soda "baridi au moto?" hachemshi soda. Moto maana yake haikuwa kwenye friji.

Nikija mwezi wa Ramadhani nitapata chakula mchana?

Dar, ndiyo. Vibanda vingi vinapumzika, vingine vinateremsha pazia, na wewe ukae nyuma ya hilo pazia. Usitembee unatafuna mbele ya watu waliofunga. Ukivuka kwenda Zanzibar ni habari nyingine, kula hadharani mchana kunaweza kukufikisha polisi.

Lakini mwezi huo saa zinageuka, na saa yenye raha ni ya kumi alasiri. Meza zinatoka barazani: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga, tende. Nunua, upeleke nyumbani. Adhana ikikukuta kwenye daladala, jirani atakupa tende hata kama jina lako ni Petro. Mimi ni Petro, na nimepewa.

Kuna siku mbaya za kula nje?

Jumapili Posta ni kama mji uliohamwa. Kariakoo nayo inapoa, na mama lishe wengi wanaowapikia watu wa maduka hawaji. Siku hiyo kaa mitaa ya watu wanakoishi: Sinza, Kinondoni, Magomeni, Temeke. Ijumaa ni kinyume chake, pilau na biriani kila upande, ila uwahi kabla msikiti haujatoka. Simba na Yanga zikikutana, kula mapema. Jioni kila meza ina televisheni na hakuna anayekusikia. Hiyo siku hata kwa muuza kahawa, aliyekaa na birika lake la mkaa na kashata kwenye sahani, usiulize nani atashinda kama una haraka.

Chakula kikinibakia, nafungiwa?

Ndiyo, sema "naomba unifungie". Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo utapewa boksi, karatasi, au mfuko wa kitambaa unaolipia kidogo. Wafanyakazi wengi wa Kariakoo wanakuja na hotipoti yao kutoka nyumbani. Ni akili, na mama anapakua zaidi kwenye hotipoti kuliko kwenye sahani. Sijui kwa nini, nimeshaona tu.

Nasikia mnagombania ukoko. Naupata wapi?

Ukoko hauuzwi. Wali wa mkaa ukikaribia kuiva, mpishi anapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali unakauka kwa joto la juu na chini, na ule wa chini kabisa unashika sufuria, unageuka rangi ya dhahabu, mgumu, una harufu ya moshi na nazi. Hautoki mpaka sufuria liishe, kwa hiyo hapa ile saa niliyokupa inageuka: njoo saa nane kasoro, wakati wenye haraka wameshaondoka. Usikie kijiko kinakwangua. Usiseme kitu, kaa kwenye benchi, nawa, msalimie. Mama wa kwetu ana watu watatu anaowawekea, mmoja dereva wa mkokoteni, mmoja fundi wa saa, na mimi. Fundi wa saa amesafiri kwenda Tanga mpaka Jumatano.